Kuwafundisha Watoto Habari za Wanyamapori Walio Hatarini kwa Njia ya Sanaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wazazi, walezi na walimu wa Nairobi wanaouliza jinsi kuchora, kufinyanga na kuigiza kunavyoweza kumfahamisha mtoto habari za wanyama ambao idadi yao inapungua. Yametokana na darasa dogo la Jumamosi ninaloliendesha katika ukumbi wa mtaa huko Eastlands, na baadhi ya mambo yaliyomo niliyajua baada ya kukosea kwanza.

Kwa nini tutumie sanaa, ilhali somo la sayansi tayari linawataja wanyama hawa?

Kitabu humwambia mtoto kwamba kifaru mweusi hula majani ya vichaka na kifaru mweupe hula nyasi, naye hukariri, hujibu mtihani na kusahau. Mtoto anayemchora kifaru hana njia ya kukwepa kama hiyo, kwa kuwa lazima aamue mdomo wa mnyama wake utakuwa wa namna gani. Atarudi kwenye picha na kugundua kwamba kifaru mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, ambao huutumia kama kidole kushikia vitawi, na kwamba mdomo wa kifaru mweupe ni mpana na umekatika sawasawa, ukifaa kulisha chini. Atagundua pia kwamba wote wawili wana rangi ya kijivu, jambo ambalo huwashangaza sana watoto waliokwisha kuchukua krayoni nyeusi. Baada ya hapo huhitaji kumwambia kifaru yupi anahitaji vichaka na yupi anahitaji uwanda, maana ameshajua kwa mkono wake.

Wahenga walisema macho hayana pazia, na kweli mtoto wa mjini huona sura za wanyama kutwa nzima, kwenye matatu, mabango na pakiti za biskuti. Anachokosa ni sababu ya kumtazama mnyama mmoja kwa dakika ishirini mfululizo. Mchoro humpa sababu hiyo, na kwa uzoefu wangu uchungu juu ya mnyama huanzia katika dakika hizo kuliko katika hotuba yoyote.

Mtoto aanze akiwa na umri gani?

Aanze mara tu anapoweza kushika udongo bila kuula. Wenye miaka mitatu hadi mitano hufurahia kufinyanga na kuiga mwendo wa mnyama, na kwao inatosha kulijua jina lake na chakula chake. Kuanzia miaka sita au saba mtoto anaweza kuchora kwa kutazama. Habari za ujangili, sumu na biashara haramu nazianza na walio na miaka kumi na zaidi, isipokuwa mdogo aulize mwenyewe, na hapo hujibiwa kwa ukweli na kwa maneno machache.

Mimi mwenyewe sijui kuchora. Nitamfundishaje mtoto?

Kutojua kuchora si kizuizi, na wakati mwingine ni faida, kwa sababu mtu mzima hodari wa kuchora hushindwa kujizuia kumchorea mtoto. Keti kando yake, chukua karatasi yako, mchore mnyama yule yule, kisha mjadili pamoja ni nani ameyaona masikio vizuri zaidi. Usiushike mkono wa mtoto, na usisahihishe mstari wake kwa kifutio. Badala ya kusema "mguu huu si hivyo", muulize: "Hebu tazama tena, goti lake liko wapi?" Swali la aina hiyo humrudisha kwenye mnyama, ilhali sahihisho humrudisha kwako.

Ni mnyama yupi wa kuanza naye?

Wengi huanza na simba au ndovu, nami sikatazi, lakini ningependelea mnyama ambaye siri yake iko katika umbo lake, ili mtoto apate kitu cha kuvumbua.

Punda milia wa Grevy anafaa sana. Huishi hasa kaskazini mwa Kenya, katika maeneo kama Samburu, Isiolo, Laikipia na Marsabit, na sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu 2,649. Weka picha yake kando ya ile ya punda milia wa kawaida, ambaye watoto wa Nairobi wanamfahamu zaidi, bila kusema lolote. Baada ya muda utasikia kwamba huyu ana masikio makubwa ya mviringo, kwamba mistari yake ni myembamba na imebanana, na kwamba tumbo lake ni jeupe kwa sababu mistari haifiki chini. Ukiwaeleza kwamba hakuna punda milia wawili wenye mistari inayofanana, na kwamba watafiti huwatambua mmoja mmoja kwa picha za ubavu, watachora kwa uangalifu wa karani wa sensa.

Twiga naye ana somo kubwa, kwa kuwa Kenya ina aina tatu. Twiga wa kaskazini mashariki ana mabaka yenye pembe, yaliyotenganishwa na mistari myeupe kama vigae vya sakafu. Twiga wa Kimasai ana mabaka yenye kingo zilizochanika kama majani. Na yule wanayeweza kumwona katika Kituo cha Twiga huko Lang'ata hana mabaka chini ya magoti, kana kwamba amevaa soksi nyeupe. Mtoto mmoja wa Gredi ya 3 aliwahi kunisimamisha kando ya barabara ili kunionyesha kwamba twiga aliyechorwa kwenye matatu moja alikuwa na shingo ya aina moja na miguu ya aina nyingine. Nilitazama, na alikuwa amesema kweli.

Kwa wakubwa kidogo, jaribu kakakuona. Kila gamba lake limeumbwa kwa keratini, ambayo ndiyo iliyomo katika kucha zetu, nywele zetu na hata pembe ya kifaru. Mwambie mtoto azitazame kucha zake kwa makini, azichore kwa ukubwa, kisha atumie umbo hilo hilo kumfunika mnyama wake kwa magamba yanayopandana kama vigae vya paa. Swali litakuja lenyewe, na kwangu hufika kila mwaka kwa maneno yale yale: kama ni kucha tu, kwa nini watu wanamuua? Mnyama huyu huwindwa kwa ajili ya magamba yanayodhaniwa kuwa dawa, na kwa nyama yake. Na kinga yake ya kujikunja kama mpira, inayomshinda simba, ndiyo inayomrahisishia mtu kumwokota kwa mikono.

Usiwasahau tumbusi. Watoto wengi huwachora wakiwa wabaya, wenye macho mekundu na makucha ya damu. Waombe wachore kichwa tu, wajiulize kwa nini hakina manyoya marefu, na wafikiri mnyama anayeingiza shingo ndani ya mzoga angefanyaje kama angekuwa na kilemba cha manyoya. Aina kadhaa za tumbusi wa Afrika ziko katika daraja la juu kabisa la hatari, na sababu kubwa ni sumu: mfugaji aliyepoteza ng'ombe hutia sumu katika mzoga akimlenga simba au fisi, kisha ndege kwa makumi hushuka kula. Wakitoweka, mizoga hubaki ikioza na magonjwa hupata njia.

Nimwelezeje mtoto maana ya "hatarini kutoweka"?

Namba peke yake haimwambii mtoto kitu, kwa maana mia tano na elfu tano kwake ni "wengi" tu. Namba inayoweza kutundikwa ukutani humwambia. Yuko swala mkubwa aitwaye korongo (jina hilo ni la ndege pia, kwa hiyo eleza mapema), ambaye nchini Kenya amebaki katika Hifadhi ya Ruma, Kaunti ya Homa Bay. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu 15. Wape watoto kumi na watano karatasi moja moja, kila mmoja achore korongo mmoja, kisha mzitundike kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Waambie kwamba hao ndio wote waliohesabiwa katika nchi nzima, kisha nyamaza. Darasani kwetu, siku hiyo, mtoto mmoja alihesabu kwa kidole kutoka mwanzo wa kamba hadi mwisho, akarudi, akahesabu tena.

Ni muhimu kuongeza kwamba korongo bado wapo katika nchi nyingine za Afrika, ili watoto wajue tofauti kati ya mnyama anayetoweka mahali fulani na anayetoweka duniani. Hirola ni mfano wa hali ya pili. Swala huyu mwenye mstari mweupe unaounganisha macho kama miwani asili yake ni eneo dogo la mpaka wa Kenya na Somalia, na sensa ile ilimhesabu 497.

Je, ni sawa kuwaonyesha picha za wanyama waliouawa?

Hapana, na hapa nasema kwa majuto. Miaka yangu ya mwanzo nilileta picha ya ndovu aliyekatwa uso na majangili, nikiamini kwamba mshtuko ungewafanya watoto wajali. Msichana mmoja aliacha kuchora ndovu kabisa. Kila alipopewa karatasi alichora nyumba. Nilijifunza kwamba hofu humfanya mtoto ageuze uso, na mtoto aliyegeuza uso hawezi kufundishwa kutazama.

Hilo halina maana kwamba tuufiche ukweli. Yapo mambo mazito yanayoweza kuchorwa bila damu. Tarehe 30 Aprili 2016, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, Kenya ilichoma tani 105 za pembe za ndovu ili kutangaza kwamba pembe haina thamani ila ikiwa juu ya ndovu. Watoto wakubwa wanaweza kuchora mirundo ile kwa makaa, na kubishana kama ulikuwa uamuzi sahihi. Waache wabishane, hata watu wazima hawakukubaliana.

Watoto wa mtaani kwetu hawajawahi kumwona ndovu. Jambo hili linawahusu nini?

Linawahusu kuliko wanavyodhani, maana wanaishi katika jiji lenye hifadhi ya taifa ndani ya mipaka yake. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, ina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 117, na ndani yake mna vifaru weusi wanaokula vichaka huku majengo ya jiji yakionekana nyuma yao. Ndovu wazima hawamo, na ni vizuri mtoto aulize kwa nini. Upande wa kusini hauna ua, na ndiko wanyama wanakopitia kwenda na kurudi, ijapokuwa nyumba, viwanda na nyua za waya zinaendelea kuibana njia hiyo. Reli ya kwenda Naivasha nayo hupita juu ya hifadhi kwa daraja refu.

Zoezi ninalolipenda ni ramani ya ukutani. Tunaunganisha karatasi kadhaa za manila, tunachora mtaa wetu upande mmoja na hifadhi upande wa pili, kisha kila mtoto anaweka kati yake vitu anavyovijua: barabara, mto, soko, kiwanda, shule yake. Halafu tunampa mmoja wao nyumbu aliyekatwa kwa katoni na kumwomba ampitishe kutoka kusini hadi majini. Mara nyingi nyumbu hukwama, na hapo watoto huanza wenyewe kufuta na kuchora upya. Mwaka jana kundi moja lilihamisha duka la mjomba wa mtu.

Tunaweza kuwapeleka wapi Nairobi wakachore?

Makumbusho ya Taifa ya Nairobi ndiyo chaguo langu la kwanza. Uani pake pana sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit mwenye pembe ndefu ajabu, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri maalumu mwaka 1970, akafa mwaka 1974. Sanamu ina ukubwa wake halisi na haiondoki mahali pake, jambo linalomfaa mchoraji mdogo kuliko mnyama hai. Mkalishe mtoto karibu na mguu wa mbele, achore mguu peke yake. Ukurasa utajaa kabla hajafika gotini, na hapo ataelewa ukubwa wa ndovu kwa namna ambayo hakuna kipimo kingemweleza.

Kituo cha kulelea ndovu yatima cha Sheldrick, kando ya hifadhi, hupokea wageni kwa muda mfupi tu wakati ndovu wachanga wanaponyonyeshwa chupa, kwa hiyo wafundishe watoto michoro ya haraka, ya mistari mitano au sita. Piga simu mapema kokote unakokwenda, uulize ada na saa za kuingia. Na kama hakuna nauli, Karura na City Park zina kima na ndege wa kutosha kumzoeza mtoto kuchora kitu kinachosogea.

Vifaa ni ghali. Tufanyeje?

Darasa letu linaendeshwa zaidi kwa vitu vya jikoni na vya kutupwa. Gundi tunapika kwa unga wa ngano na maji. Rangi ya manjano inatoka kwenye bizari, kahawia kwenye majani ya chai au udongo mwekundu uliochujwa, nyeusi kwenye makaa yaliyosagwa. Katoni za dukani huwa barakoa na wanyama wa kusimama, na magazeti yaliyoloweshwa katika gundi hufunika waya na kuwa mwili wa kobe au kasa. Kuna karakana hapa Nairobi, ya Ocean Sole, inayochonga wanyama wakubwa kwa ndara zilizookotwa kwenye fukwe. Tumeiga wazo hilo kwa ndara zilizokatika za mtaani, na watu wazima ndio wanaokata kwa kisu. Kitu kimoja nisichokubali ni kupamba kazi ya uhifadhi kwa pambo la plastiki lililonunuliwa ili litupwe Jumatatu.

Mtoto wangu huchora wanyama wa katuni tu. Je, nimkataze?

Usimkataze. Mwombe amchore simba wake wa katuni upande wa kushoto wa karatasi, na simba wa kwenye picha upande wa kulia, kisha akueleze tofauti zote anazoziona. Atazitaja nyingi kuliko wewe.

Familia nyingine zina jamaa walioliwa mifugo na simba au walioharibiwa mashamba na ndovu. Tuwaambie nini watoto wao?

Tuwaambie kwamba uchungu wa nyumbani kwao ni wa haki. Mtoto ambaye babu yake huko Kajiado ameamka na kukuta ng'ombe wamekufa zizini hawezi kuambiwa kwamba simba ni rafiki, na mwalimu anayemwambia hivyo humpoteza siku hiyo hiyo. Mpe nafasi ya kuchora alichosimuliwa, zizi, usiku na hasara, kisha swali la pili liwe: nini kingeweza kumzuia simba asiingie?

Hapo ndipo ninapomtaja Richard Turere, kijana wa Kimasai aliyekulia kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Akiwa bado mtoto, na akiwa na jukumu la kuchunga ng'ombe wa baba yake, aligundua kwamba simba huogopa mwanga unaosogea, akaunda taa zinazowaka kwa zamu kuzunguka zizi. Watoto hupokea habari hii kwa namna ya pekee kwa sababu mwenye wazo alikuwa rika lao, tena alianza kwa kumtazama simba kwa makini. Wape katoni, uzi na karatasi zinazong'aa, waunde zizi lao.

Mtoto akiuliza itakuwaje Najin na Fatu wakifa, nijibu nini?

Mjibu ukweli. Najin na binti yake Fatu ndio vifaru weupe wa kaskazini wawili waliobaki duniani, wote majike, nao wanalindwa katika hifadhi ya Ol Pejeta huko Laikipia. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa huko tarehe 19 Machi 2018. Wanasayansi wametengeneza viinitete kwa mayai ya Fatu na mbegu za madume zilizohifadhiwa, wakikusudia kuvipandikiza katika vifaru weupe wa kusini ili wabebe mimba. Kazi hiyo inaendelea na haina uhakika. Mtoto anaweza kuyabeba maneno "haina uhakika" vizuri kuliko tunavyodhani. Kisichofaa ni kumwahidi kwamba watapona, wala kumwambia kwamba kila kitu kimekwisha, hasa kwa kuwa kifaru mweusi wa Kenya, aliyeshuka chini ya 400 mwishoni mwa miaka ya 1980, leo idadi yake ni takribani elfu moja baada ya kulindwa usiku na mchana.

Je, tuandae mashindano na zawadi?

Mimi nimeacha. Zawadi ikitajwa, watoto humgeukia mwalimu kuangalia anapenda nini, wakamwacha mnyama. Maonyesho yanafaa zaidi, na si lazima yawe ya ukumbi mkubwa: ngazi za ploti, ukuta wa kanisa au msikiti kwa ruhusa, au duka la jirani. Mtoto asimame kando ya kazi yake na kumweleza mpita njia jina la mnyama, anakoishi na kinachomtishia. Anayeweza kujibu maswali matatu ya mama mboga amejifunza, na sihitaji mtihani mwingine.

Kazi hii inaendana na mtaala wa umilisi?

Ndiyo. Inagusa sanaa, mazingira na Kiswahili kwa pamoja, na mwalimu anaweza kuitumia kama mradi wa muhula mzima.

Sina muda wa kujiandaa. Naweza kuanza leo jioni?

Unaweza. Toa sarafu zako mpya mezani, zile zilizotolewa Desemba 2018: shilingi moja ina twiga, tano ina kifaru, kumi ina simba na ishirini ina ndovu. Weka karatasi nyembamba juu ya shilingi tano, mpe mtoto penseli aisugue kwa ubapa, polepole, mpaka kifaru ajitokeze. Atataka kuwatoa wote wanne, na umwache. Kisha mwombe amchague mmoja, amchore tena bila sarafu, akiwa mkubwa wa kujaza ukurasa, pamoja na mahali anapoishi, chakula chake na maji yake. Akikwama, mrudishie sarafu mkononi atazame tena.